Mfarishi wa viraka: Unavyoshonwa na unavyostahili kutolewa

MFARISHI ni nguo ya kujifunikia kitandani iliyoundwa kwa matabaka matatu: kitambaa cha juu, ambacho mara nyingi huwa kimeungwa kwa viraka, kijazo cha kati cha kuhifadhi joto, na bitana ya chini. Matabaka hayo hushikanishwa kwa mishono au kwa mafundo ili yasihame wakati wa kutumiwa na kufuliwa. Neno lenyewe lina asili ya Kiarabu, katika mzizi wenye maana ya kutandika, na kamusi zetu zimelihifadhi, japo mteja akilitamka katika duka la Nairobi huenda akatazamwa kwa mshangao. Huko husemwa "duvee", ingawa duvee ni kitu kingine: hiyo ni mfano wa foronya kubwa iliyojazwa manyoya au nyuzi laini, isiyokuwa na viraka wala mafundo.

Makala haya yanahusu mfarishi wa aina moja tu: ule sahili, usio na madoido, unaoshonwa kwa masalio ya vitambaa ili apewe mtu ambaye mshonaji hamfahamu wala hatarajii kukutana naye. Ni sadaka yenye historia ndefu ughaibuni, na mbinu zake zinaweza kufuatwa humu nchini kwa vifaa vinavyopatikana Gikomba, Kongowea au Kibuye.

Haja ipo. Mkazi wa Pwani huenda asiamini, lakini joto la usiku wa Julai jijini Nairobi huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10 za Selsiasi, na Limuru, Kinangop na Nyahururu huwa hata chini ya hapo. Wakati wa ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, zaidi ya watu 600,000 walihama makwao, na maelfu yao wakalala ndani ya mahema katika viwanja vya maonyesho ya kilimo vya Nakuru na Eldoret. Mji wa Eldoret uko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari. Hema la turubai halizuii baridi ya huko.

Ulikotoka mtindo huu

Desturi ya kuwashonea mifarishi watu wasiojulikana ilipata nguvu nchini Marekani wakati wa Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe vya 1861 hadi 1865. Mnamo Juni 1861, serikali ya upande wa Kaskazini iliidhinisha Tume ya Usafi, chombo cha raia kilichoshughulikia afya ya wanajeshi na kukusanya misaada kutoka kwa vyama vya wanawake vijijini. Wanawake hao waliombwa mifarishi myembamba, inayotosha kitanda cha hospitali cha mtu mmoja, wala si ile mipana ya vitanda vya nyumbani. Baadhi yao walichukua mifarishi waliyokuwa nayo, wakaikata na kuishona upya kwa kipimo hicho. Iliyosalia hadi leo ni michache mno, kwa sababu ilitumiwa hadi ikachakaa. Hilo, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndilo jambo bora linaloweza kusemwa kuhusu nguo ya sadaka.

Katika Vita vya Pili vya Dunia zamu ikawa ya Kanada. Wanawake wa huko walishona mifarishi kwa wingi kupitia Shirika la Msalaba Mwekundu la nchi yao, nayo ikavushwa bahari hadi Uingereza na kugawiwa hospitali na familia zilizobomolewa nyumba kwa mabomu ya Wajerumani. Pembeni palishonwa kijitambaa kidogo kilichotaja shirika lililoitoa. Jina la mshonaji halikuwekwa.

Makanisa nayo yaliuchukua mtindo huo na kuudumisha. Kamati Kuu ya Wamenoni, maarufu kama MCC, iliundwa Marekani mwaka wa 1920 kwa minajili ya kuwasaidia waliokabiliwa na njaa kusini mwa Urusi na Ukraine. Shirika la Msaada la Walutheri wa Marekani, linalofahamika kwa kifupi kama LWR, lilianzishwa mwaka wa 1945 Ulaya ilipokuwa magofu. Mashirika yote mawili yalitulia kwenye kipimo kimoja cha mfarishi, inchi 60 kwa 80, yaani takriban sentimita 152 kwa 203, na yote mawili yakakubali ufungwe kwa mafundo badala ya kudariziwa kwa mishono mirefu. Januari 2020, MCC ilipokuwa ikiadhimisha miaka 100, wafuasi wake waliitwa wakusanyike kufunga mifarishi 6,500 kwa siku moja. Kazi ya mafundo haihitaji ufundi mkubwa, hivyo watoto na wazee walishiriki.

Kuna mwingine ulioanza kwa njia tofauti. Mnamo Desemba 1995, mwanamke wa jimbo la Colorado, Karen Loucks, alisoma gazetini kuhusu mtoto mgonjwa wa saratani ya damu aliyefarijiwa na blanketi lake wakati wa matibabu. Akaanza kukusanya mablanketi ya kupeleka katika kituo cha watoto wenye saratani jijini Denver. Mradi huo ulipewa jina la Linus, yule mvulana wa katuni za Charles Schulz asiyeachana na blanketi lake. Tangu wakati huo umegawa mablanketi na mifarishi kwa mamilioni, na sharti lake kuu ni kwamba mtoto akishapewa, ni yake moja kwa moja. Haibaki wodini.

Msomaji wa Afrika Mashariki asidhani kwamba haya ni ya Wazungu tu. Katika jimbo la Karnataka, kusini-magharibi mwa India, wanaishi Wasidi, watu wenye asili ya Afrika ambao wahenga wao walifika huko kwa karne kadhaa, wengi wakiwa watumwa waliopitia Goa ya Wareno. Wanawake wao hushona mifarishi iitwayo kawandi. Hawaungi viraka kwanza kisha wakaviweka juu ya kijazo. Hutandika sari iliyochakaa chini, wakaanzia ukingoni na kupachika kiraka baada ya kiraka kwa mkono, wakizunguka kuelekea katikati hadi sari yote ifunikwe. Kila pembe humalizwa kwa vipande vidogo vilivyokunjwa, navyo huitwa phula, yaani maua. Bila maua hayo mfarishi huhesabiwa kuwa uchi.

Njia ya Wasidi inafaa mno kwa mtu asiye na cherehani. Ubaya wake ni muda, kwa kuwa mfarishi mmoja wa namna hiyo huchukua wiki kadhaa. Anayetaka kutoa kumi kabla ya baridi ya Juni hana budi kufuata njia ya Wamenoni na Walutheri, na ndiyo itakayoelezwa hapa.

Vitambaa

Kanuni ya kwanza ni ya hesabu, si ya ushonaji. Mfarishi ulioshonwa kwa vitambaa vipya vya dukani hugharimu zaidi ya blanketi la kawaida, na mwenye nia ya kusaidia angenunua blanketi tu na kupumzika. Sadaka hii ina maana pale malighafi inapokuwa ya bure au ya bei ya chini kabisa: masalio ya fundi wa nguo, leso zilizopauka, mashuka yaliyochanika katikati lakini yangali mazima kandoni, mashati ya mitumba yenye kola mbovu. Mafundi wengi hutupa magunia ya vipande vya kitenge kila mwezi. Kuomba si aibu.

Pamba ndiyo nguo bora. Hupumua, hufulika, na ikiguswa na cheche hutoa harufu ya kuungua mapema. Vitambaa vya poliesta huyeyuka vinapokaribia moto na kugandia ngozi, hatari kubwa katika nyumba ambamo koroboi na jiko hukaa karibu na kitanda. Nguo za kunyumbulika kama fulana zisichanganywe na zisizonyumbulika, kwani kiraka kimoja kitavuta na kingine kitagoma, na mfarishi utapinda.

Kila kitambaa kifuliwe kabla ya kukatwa. Baadhi ya vitenge, hasa vyekundu na vya rangi ya nili, huchuja rangi kwa ukaidi. Kusugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa hutosha kuwafichua wakosaji, wawekwe kando. Ile imani ya kwamba chumvi au siki huishika rangi haina nguvu kwa rangi za viwandani za siku hizi.

Rangi za kukoza au za wastani zapendeza zaidi, si kwa sababu ya urembo bali kwa kuwa atakayeutumia huenda akafua kwa maji ya kununua kwa mtungi.

Bitana ya leso

Hapa ndipo vifaa vya kwetu vinapowashinda wa ughaibuni. Leso moja huwa takriban sentimita 150 kwa 110, na huuzwa kwa jozi. Leso mbili zikiunganishwa kwa ukingo mrefu, hupatikana kitambaa cha karibu sentimita 150 kwa 218. Ni kana kwamba aliyepanga vipimo vya leso alikuwa akiwaza bitana ya mfarishi.

Tahadhari ni moja: jina la leso. Maneno yaliyochapwa pale chini yanaweza kuwa dua, na yanaweza kuwa kijembe cha mke mwenza. Mkazi wa Lamu au Mombasa hahitaji kuambiwa hili, lakini mshonaji wa bara aliyenunua leso kwa rangi yake ayasome kwanza. Shirika la Walutheri lilikuwa na kanuni kama hiyo kwa sababu zake. Halikutaka mifarishi yenye bendera, madoa ya sare za kijeshi, misalaba, wala ujumbe wa aina yoyote, kwa kuwa mpokeaji angeweza kuwa wa dini nyingine, au akaishi mahali ambapo vazi la rangi ya jeshi humtia mtu hatarini. Mtu asilazimishwe kulala chini ya maneno ya mwingine.

Kijazo

Blanketi kuukuu lililo safi ndilo kijazo rahisi. Likiwa na tundu, tundu lizibwe kwa kipande cha blanketi jingine, vikutanishwe ukingo kwa ukingo na kushikizwa kwa mshono wa mkono. Visipandane, pasije pakatokea kinundu. Kitambaa cha flisi cha mitumba pia kinafaa na ni chepesi. Pamba ya karatasi ya kiwandani ni nzuri ila hununuliwa.

Sufi, ambayo wazee wetu waliijazia mito na magodoro, haifai kwa kazi hii. Huhama na hufanya mabonge. Sponji nayo ni nzito na hainywei maji ya kusuuza ikayaachia kwa urahisi.

Kukata na kuunga

Mshonaji akate kipande kimoja cha kadibodi chenye sentimita 26 kila upande, akitumie kama kielelezo. Anahitaji miraba 48. Ukingo wa mshono ukiwa sentimita moja, kila mraba utabaki na sentimita 24, na miraba sita kwa upana na minane kwa urefu itatoa mfarishi wa sentimita 144 kwa 192. Ni pungufu kidogo ya kipimo cha Wamenoni, lakini inaingia ndani ya jozi ya leso bila kubanwa, hata leso ikiwa imerudi baada ya kufuliwa.

Miraba itandazwe sakafuni kwanza. Wanaoanza hutumia jioni nzima wakipanga rangi, si lazima. Inatosha kuhakikisha kwamba vitambaa viwili vinavyofanana havikugusana na kwamba vya kukoza havikurundikana upande mmoja. Kisha hushonwa mistari minane ya miraba sita sita. Mishono ya mstari wa kwanza ipigwe pasi ikilalia kulia, ya mstari wa pili ikilalia kushoto, na kuendelea hivyo hivyo. Mistari inapounganishwa, mishono iliyolala pande tofauti hushikana kama meno, na pembe za miraba hukutana barabara. Hila hii ndogo humwokoa mshonaji asiye na uzoefu kuliko cherehani ya bei ghali.

Hatua inayofuata ni ile ya foronya. Kijazo hutandazwa sakafuni. Juu yake huwekwa bitana, uso wake ukitazama juu. Juu ya bitana huwekwa kitambaa cha viraka, uso wake ukitazama chini, ili nyuso mbili zikutane. Vyote hupigwa bandi au kubanwa kwa pini, kisha hushonwa kuzunguka kingo zote, ikiachwa nafasi ya sentimita 40 hivi upande mmoja. Masalio hukatwa, pembe hupunguzwa, na mfarishi hupinduliwa kupitia nafasi ile. Kijazo kitajikuta katikati. Nafasi hufungwa kwa mkono, na ukingo wote ukapitishiwa mshono mmoja wa cherehani ili usifumuke.

Wengi wanaotoa mifarishi mibovu hukosea hapa, si kwa kupinda mshono, bali kwa haraka ya kuziba nafasi kwa mishono mipana. Ukingo ndio unaoshikwa mtu anapovuta nguo usiku. Ndio unaopasuka kwanza.

Mafundo

Mfarishi usiofungwa katikati hudumu hadi ufuliwe mara ya kwanza, kisha kijazo hukusanyika miguuni. Mafundo ndiyo kazi yenyewe.

Hutumika uzi mnene wa pamba, ule wa kufumia vitambaa vya meza, na sindano yenye tundu pana. Nyuzi za akriliki zinazong'aa huteleza na kujifungua. Sindano huingizwa kutoka juu ikapenya matabaka yote matatu, ikarudi juu umbali wa nusu sentimita. Ncha mbili hufungwa fundo mara mbili: kwanza ya kulia juu ya ya kushoto, kisha ya kushoto juu ya ya kulia. Mkono ukizoea kurudia upande ule ule, fundo litaonekana imara lakini litateleza. Ncha zikatwe zibaki na sentimita tatu hivi; zikiwa fupi zaidi hufunguka.

Fundo moja huwekwa kila mahali pembe nne zinapokutana, na jingine katikati ya kila mraba. Pembe ni 35 na miraba ni 48, hivyo jumla ni mafundo 83. Umbali kati ya fundo na jirani yake huwa takriban sentimita 17, unaotosha kijazo cha blanketi. Kwa pamba ya karatasi, ambayo huraruka ndani kwa ndani, mafundo yakaribiane zaidi. Watu wanne wakiketi kuuzunguka mfarishi huumaliza kwa muda wa mazungumzo ya alasiri moja.

Kabla ya kutoa

Uliza kwanza. Kanuni hii huvunjwa na watu wema kuliko wote. Hospitali huweza kukataa nguo zisizo mpya, au kutaka zifulike kwa maji ya moto. Zile zilizoshonwa katika nyumba yenye mvutaji sigara hazifai kwa wagonjwa wa kifua hata zikifuliwa. Walioathiriwa na mafuriko, kama yale ya Aprili na Mei 2024, huenda wakahitaji sufuria na maji safi kabla ya nguo nzito ambayo haitakauka mvua ikiendelea.

Wanaopenda kuwashonea watoto wachanga wana jambo la kuzingatia. Madaktari wa watoto hushauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asilazwe na mfarishi, mto wala kitu chochote laini kinachoweza kumziba pua. Mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati hupashwa joto vyema kwa kuwekwa kifuani mwa mama, ngozi kwa ngozi, njia iliyoanzishwa katika hospitali moja ya Bogotá, Colombia, mwaka wa 1978. Mfarishi mdogo wa sentimita 90 kwa 90 basi upewe mama kama tandiko la kumlaza mtoto sakafuni akiwa macho na akiangaliwa, au wa kumfunika mama mwenyewe.

Kuhusu makao ya watoto, mambo yanabadilika. Sheria ya Watoto ya 2022 na mkakati wa kitaifa wa mageuzi ya malezi wa 2022 hadi 2032 vinalenga kuwaondoa watoto katika makao hayo na kuwarejesha kwa jamaa au familia za kambo. Anayetoa mifarishi 40 kwa makao mara nyingi huiona mwaka unaofuata ikiwa imepangwa kabatini kwa ajili ya wageni. Ni afadhali kukubaliana na wasimamizi mapema kwamba kila mtoto awe na wake, na siku atakapoondoka aondoke nao. Jina lake liandikwe na yeye mwenyewe kwa kalamu ya wino usiofutika kwenye utepe ulioshonwa pembeni. Kwa mtoto aliyezoea kuvaa soksi zozote zilizokauka kwanza, hilo si jambo dogo.

Mtoaji asishangae pia mfarishi ukitumiwa kwa kazi nyingine. Mashirika yaliyogawa mifarishi katika kambi za wakimbizi yaliona ikigeuzwa mapazia ya kutenga chumba, vivuli vya jua, mikeka na hata mabunda ya kubebea mali wakati wa kuhama. Aliyepewa ndiye ajuaye anachokosa.

Mwisho, mfarishi ufuliwe kabla ya kukabidhiwa, uanikwe hadi ukauke kabisa ndani na nje, na ukaguliwe pini zote zimetoka. Pini moja iliyosahaulika ndani ya kijazo hubatilisha kazi yote, kwa hivyo ni vyema kuzihesabu wakati wa kuzichoma na tena wakati wa kuzitoa. Ukunjwe na kufungwa kwa ukanda wa kitambaa kile kile, ukiambatanishwa na kipande kidogo cha uzi uliotumika. Fundo likifunguka baadaye, mwenyewe atakuwa na cha kulirudishia.